Mlungula, Mwandiko na Binti Asiyenyamaza



Shule nifundishamo iko Giheta, mwendo mfupi kutoka mji wa Gitega, katika nchi ya vilima, migomba na kahawa. Wanafunzi wangu husema Kirundi nyumbani, husoma masomo mengi kwa Kifaransa, na Kiswahili huwajia mwisho, mithili ya mgeni aliyechelewa karamuni. Hata hivyo mgeni huyu wanampenda. Muhula mmoja niliwapa kazi ya kutunga mchezo wa kuigiza wenye fumbo ndani yake, nao wakaniletea kisa hiki.

Kijana mmoja, mzaliwa wa mji wa Muyinga, ni karani wa chama cha wakulima wa kahawa. Wafanyabiashara watatu wa hapa wanapokea barua zisizo na jina. Kila barua inadai fedha, na kutisha kwamba fedha zisipowekwa mahali fulani kabla ya Ijumaa, siri za mwenyewe zitatangazwa sokoni. Barua zimeandikwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa karani ndiye ajulikanaye kilimani kwa Kiswahili chake, anakamatwa. Mchumba wake, binti wa Giheta, anaapa mbele ya watu kwamba atamtafuta mwandishi wa kweli.

Mpaka hapo kisa kilikwenda vizuri. Lakini katika sehemu ya pili wavulana walimleta mpelelezi kutoka Bujumbura, bwana mwenye koti refu na kiko mdomoni, na yule binti akawekwa kando, akilia mpaka pazia lilipofungwa. Ndipo msichana mmoja, ambaye kwa kawaida si msemaji, alipoinua mkono akauliza: "Mwalimu, kwani Bwana Msa hana dada?"

Darasa zima lilicheka, nami nilicheka pia. Usiku, nilipoketi kusahihisha madaftari, sikucheka tena. Niliona kwamba swali lile lina historia ndefu nyuma yake, na kwamba sikuwa na jibu la kumpa. Haya niandikayo hapa ndiyo niliyoyakusanya baadaye, baadhi katika vitabu na baadhi katika mambo ya nchi hii yetu.

Tuanze na neno lenyewe, maana sisi ni watu wa maneno. Warundi husema igiturire wakitaja kitu apewacho mtu kwa siri ili apindishe haki. Kiswahili kina utajiri wa kutia aibu katika jambo hili: rushwa, hongo, mlungula, chauchau, na siku hizi chai na kitu kidogo. Maneno hayo yote, hata hivyo, aghalabu humtazama mtoaji kama mtu anayetafuta faida. Tendo la kumlipisha mtu kwa kumtisha ni jingine, kwa sababu mtoaji hapati faida yoyote ila kuachwa alivyokuwa. Kati ya maneno hayo naona mlungula ndio ulio karibu zaidi na maana hiyo, nao ndio nitakaoutumia katika makala haya.

Hongo ina historia yake, na historia hiyo ilipita jirani na kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani ilitozwa nguo, shanga na nyaya za shaba kila ilipoingia katika nchi ya mtawala mwingine. Malipo hayo ndiyo yaliyoitwa hongo. Mwezi wa Novemba 1871 Henry Stanley alikuwa akipita Buha, nchi iliyopakana na Burundi upande wa mashariki, akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone. Mtware mmoja (Warundi wanalijua neno hili, umutware) alimdai nguo mia moja. Wakabishana sana, kisha Stanley akalipa sehemu kubwa ya nguo hizo. Kesho yake akamkuta mwingine aliyekuwa akidai zake, akaambiwa tena kwamba mbele wako wengine. Akamkodi mtu aijuaye njia, akaondoka usiku na msafara wake kupitia porini, watu wote wakiwa kimya.

Je, hongo ile ilikuwa unyang'anyi? Stanley aliona hivyo. Watware wa Buha, nadhani, waliona kwamba mgeni mwenye bunduki na mizigo hana budi kulipia njia, kama tulipavyo sisi mpakani. Ninalotaka tuliangalie ni kwamba hongo ya zamani ilidaiwa mchana, hadharani, na kila mtu aliijua. Neno lilipohama kutoka njia ya msafara na kuingia katika ofisi, lilihamia gizani. Mlungula nao haukuwahi kukaa mchana hata siku moja. Nguvu zake zote zimo katika kimya cha yule anayetishwa, na ndiyo maana unazaa mafumbo: shahidi mkuu wa kosa ndiye mtu asiyetaka kabisa lijulikane.

Yako malipo mengine katika historia yetu ambayo hata sijui niyaweke chini ya neno gani. Mkataba wa Kiganda, tarehe 6 Juni 1903, ulimlazimisha mwami Mwezi Gisabo kuwalipa Wajerumani ng'ombe 424. Katika vitabu malipo hayo huitwa faini. Naliacha neno hilo lilivyo, ila msomaji na ajiulize faini hiyo ilikuwa ya kosa gani, iwapo mwenye nchi alikuwa nyumbani kwake.

Nalitaja jambo la Wajerumani kwa sababu linagusa mchezo wa wanafunzi wangu. Kiswahili kiliingia bara hili la Burundi pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji, kisha pamoja na askari, wakalimani na makarani wa boma. Mzee wa kilimani alipokisikia mara ya kwanza, huenda alikisikia kinywani mwa mtu aliyekuja kudai kitu. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, lugha hii ilibaki zaidi katika mitaa ya mijini kama Buyenzi kule Bujumbura, na kando ya ziwa, Rumonge na kwingineko. Hata leo, baada ya nchi yetu kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili kupata nafasi katika shule, neno umuswahili halijatakata. Mtu akiitwa hivyo, mara nyingi maana yake ni mjanja, mwenye maneno mengi, usimwamini. Walimu wanaofundisha vijijini wanaijua aibu hiyo. Wengine wamekwisha kuulizwa na wazazi kwa nini wanawafundisha watoto lugha ya wadanganyifu.

Kwa hiyo wanafunzi wangu walipomkamata karani wa Muyinga kwa sababu tu barua ni za Kiswahili, hawakubuni. Walikuwa wameandika yale waliyoyasikia majumbani mwao.

Sasa na tumtazame binti. Katika Burundi ya zamani mashauri ya watu yaliamuliwa na abashingantahe, wanaume waliopimwa kwa miaka mingi, wakaapishwa mbele ya watu, wakapewa fimbo ya intahe. Hapana shaka taasisi hiyo ililinda haki za wengi, na ninaiheshimu. Mke wa mushingantahe alihusishwa na kiapo cha mumewe, na nyumbani shauri lake lilikuwa na uzito. Barazani, hata hivyo, aliyesema ni mwanamume. Mwanamke mwenye shauri mara nyingi alisemewa na baba, mume au kaka. Wahenga wamesema kwamba jogoo akiwapo, tembe hawiki. Methali hii ipo kwa Kirundi, na majirani zetu wanayo pia.

Hapa Giheta tuna alama ya jambo hilo machoni petu. Gishora, mahali patakatifu pa ngoma za kifalme, pamo katika eneo letu. Masimulizi yanamtaja mwami Ntare Rugamba na ushindi wake juu ya Ntibirangwa, na ngoma mbili za kale, Ruciteme na Murimirwa. Mwaka 2014 ngoma hiyo ya kifalme iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mwaka 2017 amri ya Rais ilisema kwamba kupiga ngoma ni kazi ya wanaume peke yao. Katiba ya 2005, kwa upande mwingine, ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika Baraza la Taifa na katika serikali. Msichana anayekua Giheta anajifunza yote mawili kwa pamoja, kwamba anaweza kutunga sheria, na kwamba hawezi kuishika mirisho ya ngoma. Sishangai alipouliza habari za dada yake Bwana Msa.

Katika vitabu, dada huyo yupo, tena ni wa zamani kuliko Bwana Msa mwenyewe. Wa kwanza nimtajaye tunamjua sote kutoka katika hadithi ya Ali Baba na wezi arobaini. Ni Marjana, kijakazi. Hadithi yenyewe haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu ya Alfu Lela Ulela. Kijana wa Aleppo aitwaye Hanna Diyab alimsimulia Antoine Galland mjini Paris mwaka 1709. Tukiisoma tena kwa makini tunaona kwamba Ali Baba ni mtu wa bahati tu, na upelelezi wote ni wa Marjana. Yeye ndiye aliyeiona alama ya chaki mlangoni, akajiuliza ni nani aliyeiandika na kwa nini, akaichora alama hiyo hiyo katika milango ya majirani. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mitungi haina mafuta bali ina watu. Na mgeni mwema alipoomba apikiwe chakula kisicho na chumvi, ni yeye aliyeshuku, maana mtu akila chumvi ya mwenyeji wake hana ruhusa tena ya kumdhuru. Mwishowe akaachwa huru, akaolewa na mwana wa bwana wake. Naona chumvi ile ni ushahidi mzuri kuliko yote niliyoisoma katika vitabu vya upelelezi: kitu kidogo cha jikoni, ambacho wanaume waliokaa sebuleni wasingeweza kukijua.

Wa pili ni Portia, ambaye Mwalimu Julius Nyerere alimpa Kiswahili katika Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya Shakespeare iliyotolewa mwaka 1969. Antonio amemdhamini rafiki yake Bassanio kwa dukati 3,000, na mkopeshaji anadai ratili ya nyama ya mwili wake kama hati isemavyo. Bassanio, mume mpya wa Portia, anajua kulia na kuahidi fedha maradufu tu. Portia anavaa mavazi ya mwanasheria, anasimama barazani kwa sura ya mwanamume, na kuisoma hati neno kwa neno: iliyoandikwa ni nyama, damu haikuandikwa. Sisi walimu wa lugha tungepaswa kuufundisha ukurasa huo kila mwaka. (Mchezo una doa lake, yaani chuki juu ya Wayahudi, mwalimu asilifunike, awaeleze wanafunzi.) Angalieni, hata hivyo, kwamba ilimbidi Portia avae suruali ndipo asikilizwe. Methali ya tembe na jogoo ilifika mpaka Venisi.

Wa tatu nataka nikae naye kidogo, kwa sababu ni msichana maskini, si tajiri kama Portia, na wengi wetu hatukufundishwa habari zake. Elizabeth Gaskell alitoa riwaya yake Mary Barton mwaka 1848. Mahali ni Manchester, mji wa viwanda vya pamba, wakati wa njaa na migomo. Mary ni mshonaji. Mwana wa tajiri mwenye kiwanda anauawa kwa risasi barabarani usiku, na bunduki iliyookotwa ni ya Jem Wilson, fundi, ambaye siku chache kabla aligombana na marehemu kwa ajili ya Mary. Jem anakamatwa, naye hajitetei. Mary amekwisha kutambua, akiwa amechelewa, kwamba Jem ndiye ampendaye.

Kisha kipande cha karatasi kinamfikia. Kilitumika kushindilia bunduki, kikaokotwa mahali pa mauaji na mama yake mdogo. Mary anapokilinganisha na karatasi iliyobaki nyumbani, anakitambua: kimetoka katika kadi ambayo Jem alimpelekea zamani, naye akaandika juu yake. Na karatasi ile alimpa nani? Alimpa baba yake. Basi katika dakika moja anajua kwamba mchumba wake hana hatia, na kwamba muuaji ni mzazi wake. Akisema, atamwua baba. Akinyamaza, atamwua Jem.

Mary hafanyi hata moja la hayo. Karatasi anaichoma. Badala ya kumtafuta muuaji mahakamani, anatafuta shahidi wa kwamba Jem hakuwapo. Usiku ule Jem alimsindikiza binamu yake Will, baharia, aliyekuwa akienda Liverpool kwa miguu. Mary, ambaye hajapanda treni maishani mwake, anapanda treni mpaka Liverpool, anakuta meli imekwisha kung'oa nanga, anakodi mashua na kuifuata mtoni huku upepo ukivuma, mpaka sauti ya mashua inafika sitahani na Will anaitika kwamba atarudi. Mahakamani anaulizwa mbele ya umati ni yupi aliyempenda, naye anajibu. Will anaingia dakika za mwisho, na Jem anaachiliwa. Gaskell hakumpa Mary koti wala kiko, na hakumvika suruali. Alimpa nauli kidogo, homa, na ukaidi.

Nitapita upesi kwa wengine. Wilkie Collins, mwaka 1875, alimwandika Valeria, bibi arusi anayegundua kwamba mumewe alishtakiwa kwa kumtilia sumu mke wa kwanza, na mahakama ya Uskochi ikatoa hukumu ambayo haikumtia hatiani wala haikumsafisha. Yeye anaifungua kesi upya kwa miguu yake. Marekani walimpata Nancy Drew mwaka 1930, binti wa wakili, mwenye gari lake mwenyewe, na wasichana wengi walimpenda; mimi naona mambo yanamwendea kwa urahisi mno. Katika maisha halisi, mwaka 1856 Kate Warne aliingia katika ofisi ya Allan Pinkerton mjini Chicago kuomba kazi. Pinkerton alidhani anataka ukarani. Alikuwa anataka upelelezi, akaupata.

Na kwetu? Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina baba anayejulikana, Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Baadaye zikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na nyinginezo, mpaka Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Bwana Msa, mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, ni ndugu wa Sherlock Holmes wa Conan Doyle kwa namna ya kufikiri, lakini Kiswahili chake ni cha Unguja tupu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Faraj Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mwaka 1974, na Ben Mtobwa, jirani yetu wa Kigoma aliyefariki mwaka 2008, akamleta Joram Kiango. Vitabu hivyo vilisomwa mpaka vikachanika, na vimewafundisha Kiswahili watu wengi kuliko sisi walimu. Wanawake wamo ndani yake, wengine werevu sana, wenye bastola hata. Nuru wa Joram si wa kudharauliwa. Lakini kesi ni ya mwanamume. Hata Shaaban Robert katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951 ambacho si cha upelelezi bali ni cha shauri la haki, alimsimamisha Karama peke yake kujitetea. Hatumsikii mama, dada wala mchumba akisema neno.

Kwa hiyo jibu langu kwa msichana yule lilikuwa hili: Bwana Msa ana dada wengi ng'ambo na Uarabuni, ila hapa kwetu bado hawajaandikiwa kitabu cha kuwatosha.

Nilidhani nimemaliza. Lakini mwanafunzi mwingine, mvulana wa kiti cha nyuma, aliuliza swali gumu zaidi: "Mwalimu, katika maisha ya kweli, binti kama huyo hushinda?" Nikawaeleza habari za Anna Hauptmann.

Tarehe 1 Machi 1932, mtoto wa Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake mwaka 1927, aliibwa kitandani mwake katika jimbo la New Jersey. Dirishani iliachwa barua ikidai dola 50,000. Barua nyingine zikafuata. Fedha zikalipwa mwezi wa Aprili, na mwezi wa Mei mtoto akaonekana amekufa. Barua zile zilichunguzwa na wataalamu kama sisi tuchunguzavyo insha. Mwandishi wake, alipotaka kuandika "nzuri" kwa Kiingereza, aliandika neno la Kijerumani gut. Maneno mengine aliyaandika kama yasikikavyo kinywani mwa Mjerumani. Septemba 1934 alikamatwa seremala Mjerumani, Bruno Richard Hauptmann, baada ya kulipa kwa noti moja ya fedha zile. Nyingine zilikutwa katika banda la gari lake. Kesi ilianza Januari 1935, na watu wanane wenye utaalamu wa mwandiko wakasema barua ni zake. Yeye alikana mpaka mwisho, na akadai kwamba polisi walipompa imla walimwagiza aandike makosa yale yale yaliyomo katika barua. Aliuawa kwa kiti cha umeme tarehe 3 Aprili 1936.

Mkewe Anna alitoa ushahidi kwamba usiku ule wa Machi mumewe alikuwa pamoja naye. Hakuaminiwa. Akiwa mjane na mama wa mtoto mdogo, alianza kutafuta namna ya kulisafisha jina la mumewe, akaendelea kwa karibu miaka 60. Katika miaka ya 1980, akiwa bibi kizee, alilipeleka jimbo la New Jersey mahakamani, akashindwa. Alikufa mwaka 1994, akiwa na miaka 95, bado akisema mumewe hakufanya. Wanahistoria wengi wanaona ushahidi juu ya Hauptmann ni mzito. Wapo wanaoona kesi iliendeshwa vibaya. Mimi si hakimu wa jambo hilo. Wanafunzi wangu walikaa kimya nilipomaliza, na nikaogopa kwamba nimeuharibu mchezo wao.

La hasha. Walikwenda wakauandika upya, na safari hii waliutafuta ushahidi katika lugha. Ninyi wenzangu wa Burundi mnajua tulipo na maradhi yetu. Kirundi hakitofautishi l na r kama Kiswahili. Shule kwetu ni ishure, na Serikali, ambayo Wafaransa wameipa neno lenye l, kwetu ni reta. Basi mwanafunzi wa Giheta huandika "kurara" badala ya "kulala" na "kuripa" badala ya "kulipa". Aliyekaripiwa sana na mwalimu hukimbilia upande wa pili, akaandika "balua" na "habali". Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili, Muyinga mjini au Buyenzi, hana maradhi hayo. Katika mchezo mpya binti anawaomba wafanyabiashara watatu wamwonyeshe barua. Wawili wanakataa, kwa sababu ya siri zao. Wa tatu, mjane auzaye sabuni, anamwonyesha, akiwa amekunja ile sehemu yenye siri. Inatosha. "Usiporeta pesa," barua inasema, "utajuta sana, na ukitaka kuokoka, ripa."

Binti anakwenda mbele ya baraza na kueleza. Mushingantahe mkuu anasikiliza, kisha anauliza swali ambalo lilinifurahisha sana, kwa sababu sikuwapa mimi: "Hii inaonyesha si yeye. Lakini nusu ya kilima huandika hivi. Ni nani basi?"

Hapo darasa liligawanyika. Wavulana walitaka mhalifu akamatwe, apelekwe mahakamani kwa sheria ya kupinga rushwa ya tarehe 18 Aprili 2006, ambayo tuliisoma katika somo la uraia. Wasichana, ambao nilikuwa nimewasomea habari za Mary Barton, walitaka binti apande basi mpaka Muyinga kumleta mtu aliyekuwa na karani siku barua ya pili ilipotupwa mlangoni, na mhalifu abaki hajulikani, akiwa labda amekaa miongoni mwa watazamaji. Walipiga kura. Wasichana walishinda kwa kura tatu.

Aliyepewa sehemu ya binti ni yule aliyeuliza habari za dada yake Bwana Msa. Usiku wa kuamkia siku ya maonyesho nilikaa na kalamu nyekundu kuupitia mswada kwa mara ya mwisho. Barua za mhalifu zilikuwa na makosa yake yote, yamepangwa vizuri. Lakini niliona kwamba maneno ya binti mwenyewe, pale anapoapa, yaliandikwa hivi: "Sitarara mpaka nimwone." Nikaipigia mstari r, nikaandika l juu yake.

Asubuhi alinijia na karatasi mkononi. "Mwalimu," akasema kwa adabu, "huyu binti ni wa Giheta. Akisema 'sitalala' watu watajua si wa kwetu. Tena baraza likimwuliza ni nani huandika hivi, lazima aweze kusema: hata mimi."

Nilikaa nikimtazama. Kisha nikaifuta l yangu, na jioni ile, mbele ya wazazi waliojaa mpaka uani, akasema sitarara, na watu wa kilimani wakapiga makofi.